Malango ya mantiki: mashine hulinganishaje ishara mbili?

Kontena la futi 40 lililojaa shehena huweza kufikia uzito wa tani 30. Kabla ya kreni ya bandarini kuliinua kutoka melini, mashine hulazimika kupata kwanza jibu la swali moja: je, pembe zote nne zimeshikwa barabara?

Jibu hilo hutokana na hesabu ya malango ya mantiki, yaani saketi ndogo zilizomo pia ndani ya simu za mkononi, mashine za benki za kutolea fedha na kila kompyuta duniani.

Kazi ya lango la mantiki ni rahisi kuieleza. Hupokea ishara mbili, huzilinganisha, kisha hutoa ishara moja. Lakini namna ya kulinganisha si moja, na kuchagua lango lisilofaa kunaweza kugharimu maisha ya mtu aliyesimama karibu na mzigo.

Makufuli manne

Bandari ya Sultan Qaboos iko Mutrah, katika mji wa Muscat, ambako Kiswahili kingali lugha ya nyumbani kwa familia nyingi zenye asili ya Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki.

Ilijengwa miaka ya mwanzo ya 1970, na kwa takriban miaka 40 ilikuwa mlango mkuu wa bidhaa zilizoingia mji mkuu wa Oman kwa bahari. Mwaka 2014 shughuli za mizigo ya kibiashara zilihamishiwa Sohar, kaskazini-magharibi mwa Muscat, na bandari hiyo ikageuzwa kuwa ya utalii na meli za abiria.

Kazi iliyokuwa ikifanyika Mutrah kabla ya mwaka huo inaendelea Sohar, Mombasa, Dar es Salaam na katika kila bandari inayopokea makontena, na inafanywa kwa utaratibu ule ule.

Kreni huteremsha fremu ya chuma juu ya kontena. Fremu hiyo ina vichwa vinne vya chuma, kimoja kila pembe. Vichwa huingia katika matundu yaliyo kwenye pembe za juu za kontena, kisha huzungushwa digrii 90 ili visiweze kutoka. Hayo ndiyo makufuli ya kontena.

Makufuli yote manne yakifungwa, kontena hupanda salama. Yakifunguka yote, fremu hupanda peke yake na kuliacha kontena chini. Hatari imo katikati: baadhi yamefungwa, mengine yamebaki wazi. Hapo kontena hupanda upande mmoja, likainama, na laweza kuchomoka na kuanguka.

Mwendeshaji wa kreni aliye kwenye kibanda chake, makumi ya mita juu ya gati, hawezi kuyaona makufuli yote kwa macho. Hutegemea vihisi, yaani swichi ndogo zinazopeleka ishara ya umeme kila kufuli linapozunguka, na hutegemea malango yanayozilinganisha ishara hizo.

Ishara ni nini?

Ishara ya kidijiti ni volti iliyomo katika waya. Waya ukiwa na volti ya kutosha, mashine huisoma kuwa ni 1. Ukiwa hauna, au unayo kidogo mno, husomwa kuwa ni 0.

Katika mitambo ya viwandani na bandarini, umeme unaotumika sana kwa ishara ni wa volti 24. Kwa kawaida volti 15 hadi 30 husomwa kuwa ni 1, na volti zisizozidi 5 husomwa kuwa ni 0. Eneo lililobaki katikati huachwa makusudi, ili msukosuko mdogo wa umeme usibadilishe jibu.

Kwa hiyo lango la mantiki halilinganishi ishara kama mizani ya dukani inavyolinganisha sukari na jiwe. Ishara ya volti 16 na ishara ya volti 24 kwake ni sawa, kwani zote mbili ni 1. Kwanza kila ishara huhukumiwa peke yake, ndipo zilinganishwe.

NA, AU, SI

Yako malango matatu ya msingi, na maana zake zimo katika maneno tunayoyatumia kila siku.

La kwanza ni lango la NA, ambalo vitabu vya uhandisi huliandika AND. Hutoa 1 pale tu ishara ya kwanza NA ya pili zote ni 1. Mfano wake ni swichi mbili zilizofuatana katika waya mmoja: taa haiwaki mpaka zote mbili ziwashwe.

La pili ni lango la AU, liandikwalo OR. Hutoa 1 ikiwa ishara moja au nyingine ni 1, na pia zikiwa zote mbili ni 1. Mfano wake ni swichi mbili zilizowekwa sambamba, kila moja na njia yake: yoyote ikiwashwa, umeme hupita.

La tatu ni lango la SI, liandikwalo NOT. Hili hupokea ishara moja tu na kuigeuza. Likipewa 1 hutoa 0, likipewa 0 hutoa 1.

Kutokana na hayo matatu huweza kujengwa lango lolote jingine. Aidha, lango la NA likiunganishwa na la SI hupatikana lango liitwalo NAND, nalo peke yake, likirudiwa mara za kutosha, laweza kufanya kazi ya malango yote.

Zinafanana au zinatofautiana?

Malango ya NA na AU hayaulizi kama ishara mbili zinafanana. Lango la NA huuliza kama zote zipo. Lango la AU huuliza kama ipo angalau moja. Swali la kufanana lina malango yake mawili.

Lango la tofauti, liandikwalo XOR, hutoa 1 ishara mbili zinapokuwa tofauti. Kwa Kiswahili maana yake huonekana vyema katika neno ama. Mwenyeji akimwambia mgeni achague ama chai ama kahawa, hakusudii apokee vikombe viwili.

Lango la usawa, liandikwalo XNOR, ni kinyume chake. Hutoa 1 ishara mbili zinapofanana, ziwe zote ni 1 au zote ni 0.

Aliyewahi kukaa nyumba ya ghorofa analijua lango la tofauti bila kujua jina lake. Taa ya ngazini ina swichi mbili, moja chini na moja juu. Ukigusa yoyote, taa hubadilika: iliyowaka huzimika, iliyozimika huwaka. Hali ya taa haitegemei swichi moja, bali inategemea kama swichi mbili zinaelekea upande mmoja au la.

Majibu ya malango hayo manne yaweza kuwekwa katika orodha fupi, ambayo wataalamu huiita jedwali la ukweli:

Ishara 0 na 0: NA hutoa 0, AU hutoa 0, tofauti hutoa 0, usawa hutoa 1.
Ishara 0 na 1: NA hutoa 0, AU hutoa 1, tofauti hutoa 1, usawa hutoa 0.
Ishara 1 na 0: NA hutoa 0, AU hutoa 1, tofauti hutoa 1, usawa hutoa 0.
Ishara 1 na 1: NA hutoa 1, AU hutoa 1, tofauti hutoa 0, usawa hutoa 1.

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Lango la NA na lango la usawa hukubaliana katika mstari wa mwisho, lakini katika ule wa kwanza hupingana. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua usalama wa kreni.

Swali sahihi la kreni

Kreni huuliza maswali mawili kwa zamu. La kwanza: je, fremu imekaa sawasawa juu ya kontena? Kila pembe ina kihisi kinachotoa 1 kinapogusana na kontena. Vihisi vyote vinne vikitoa 1, ndipo makufuli huruhusiwa kuzunguka. Hilo ni swali la lango la NA.

Swali la pili ni: je, ni salama kupandisha? Hapa lango la NA peke yake halitoshi. Kama kreni ingeruhusiwa kupanda pale tu makufuli yote yanapokuwa yamefungwa, basi fremu isingeweza kamwe kuondoka baada ya kutua kontena. Kinachotakiwa ni makufuli yote yawe katika hali moja: yote yamefungwa, ama yote yamefunguliwa.

Mwanafunzi anaweza kudhani kuwa suluhisho ni rahisi. Atalinganisha makufuli mawili ya mbele kwa lango la usawa, atalinganisha mawili ya nyuma vivyo hivyo, kisha majibu mawili atayapeleka katika lango la NA.

Saketi hiyo ni mtego. Tuseme makufuli mawili ya mbele yamefungwa na mawili ya nyuma yako wazi. Jozi ya mbele inafanana, hivyo hutoa 1. Jozi ya nyuma nayo inafanana, hutoa 1. Lango la NA hupokea 1 na 1, likatoa ruhusa. Kontena hupanda likiwa limeshikwa ncha moja.

Njia sahihi ni kuuliza waziwazi. Ishara za makufuli yote manne hupelekwa katika lango la NA, ili kujua kama yote yamefungwa. Ishara hizo hizo hugeuzwa kwa malango manne ya SI na kupelekwa katika lango jingine la NA, ili kujua kama yote yamefunguliwa. Majibu mawili hukutana katika lango la AU. Lolote likiwa ni 1, kreni huruhusiwa kupanda. Yote yakiwa ni 0, kreni husimama.

Waya zilizokatika nazo hukubaliana

Bado kuna hatari moja. Waya uliokatika hauna umeme, na kwa hiyo husomwa kuwa ni 0. Tuseme kihisi hutoa 1 kufuli linapofungwa. Waya wake ukikatika, mashine huliona kufuli hilo kuwa limefunguliwa hata kama limefungwa.

Sasa tuseme waya zote nne hupita katika kebo moja, na kebo hiyo imekatika. Mashine itasoma 0 nne. Ishara zote zinafanana, na saketi iliyoelezwa hapo juu itasema makufuli yote yako wazi, fremu ipande. Kumbe makufuli yamefungwa, na kontena lingali limeshikwa.

Mashahidi wanne wamekubaliana, lakini hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Mhariri wa habari huijua hali hii: magazeti manne yenye habari moja si ushahidi wa mara nne, ikiwa yote yaliinakili kutoka mahali pamoja.

Ndiyo maana kila kufuli huwekewa vihisi viwili. Kimoja hutoa 1 kufuli linapokuwa limefungwa, cha pili hutoa 1 linapokuwa limefunguliwa. Kufuli haliwezi kuwa katika hali zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ishara mbili za kufuli moja lazima zitofautiane.

Hapo lango la tofauti hupata kazi yake. Likipokea 1 na 0, au 0 na 1, hutoa 1, maana yake vihisi vinaaminika. Likipokea 0 na 0, hutoa 0: waya umekatika, au kufuli limekwama nusu njia. Likipokea 1 na 1, hutoa 0 pia: waya zimegusana, au kihisi kimeharibika.

Katika hali zote mbili za mwisho kreni husimama. Saketi hupangwa hivyo makusudi, kwamba 0 iwe ni amri ya kusimama, kwa sababu mashine iliyokosa umeme haina uwezo wa kutoa kitu kingine ila 0.

Jambo la muda nalo huzingatiwa. Kufuli likiwa linazunguka, kwa kitambo kifupi vihisi vyote viwili hutoa 0, na hilo si hitilafu. Mashine hungoja muda uliopangwa kabla ya kutoa hukumu. Ndani ya kompyuta tatizo ni lile lile, ingawa muda wake huhesabiwa kwa sehemu za bilioni za sekunde: ishara mbili hazifiki langoni kwa wakati mmoja kabisa, na jibu husomwa baada ya lango kutulia.

Ipi kubwa zaidi?

Malango huweza pia kujibu swali la ukubwa. Kwa ishara mbili moja moja, ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili katika hali moja tu: ya kwanza ni 1 na ya pili ni 0. Hilo hupatikana kwa kuipitisha ishara ya pili katika lango la SI, kisha kuzipeleka zote mbili katika lango la NA.

Nambari kubwa hulinganishwa kwa kurudia hatua hiyo, kuanzia tarakimu ya kushoto. Chukua kreni ambayo kikomo chake ni tani 30, na mzigo wa tani 27. Katika hesabu ya kompyuta, inayotumia tarakimu 0 na 1 pekee, 30 huandikwa 11110 na 27 huandikwa 11011.

Tarakimu za kwanza ni 1 na 1, malango yasema zinafanana. Za pili nazo ni 1 na 1. Za tatu ni 1 kwa kikomo na 0 kwa mzigo. Hapo hukumu imekwisha: kikomo ni kikubwa, mzigo unaruhusiwa. Tarakimu zilizobaki hazihesabiwi tena, ingawa ya mwisho ya mzigo ni 1 na ya kikomo ni 0.

Kutoka falsafa hadi gatini

Asili ya malango haya si umeme. Mwaka 1854 George Boole, Mwingereza aliyekuwa akisomesha hisabati Cork nchini Ireland, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa kauli za kweli na za uongo zaweza kufanyiwa hesabu kwa 1 na 0.

Hesabu hiyo ilikaa miaka zaidi ya 80 ikijulikana zaidi na wanafalsafa na wanahisabati. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 21 katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kuwa swichi za umeme zinaweza kuitekeleza.

Transista ilivumbuliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, na mwaka 1958 Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments akaonyesha saketi iliyojengwa yote katika kipande kimoja. Miaka ya 1960 kampuni hiyo ilianza kuuza vipande vya mfululizo wa 7400. Kipande cha 7400 kina malango manne ya NAND, na cha 7486 kina malango manne ya tofauti. Vipande vya jamii hiyo vingali vinauzwa na kutumika kufundishia.

Makontena nayo yalizaliwa katika kipindi hicho. Mwaka 1956 meli ya Ideal X ilisafirisha makontena 58 kutoka Newark hadi Houston nchini Marekani, safari ambayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa biashara hiyo. Siku hizi malango ya kreni kwa kawaida si vipande vilivyounganishwa kwa waya, bali ni maagizo ndani ya kompyuta ya udhibiti. Hata hivyo mhandisi anayeyaandika bado huchagua baina ya NA, AU, SI, usawa na tofauti.

Kisichofika langoni

Usalama wote ulioelezwa hapa una mpaka wake. Lango hulinganisha ishara lililopewa, na halina habari ya jambo lisilo na waya.

Kontena linapokuwa juu ya lori, huwa limeshikwa kwa makufuli mengine yaliyo kwenye trela. Makufuli hayo hufunguliwa kwa mkono, na kwa kawaida hayana kihisi kilichounganishwa na kreni. Dereva akisahau kufuli moja, vihisi vya fremu vitasema kweli tupu: fremu imekaa, makufuli manne ya juu yamefungwa, waya ni nzima, uzito haujapita kikomo. Kreni itapanda, na trela itapanda pamoja na kontena, pengine dereva akiwa ndani ya lori.

Ajali za namna hiyo zimetokea katika bandari mbalimbali duniani. Baadhi ya bandari zimeweka kamera na miale ya leza ya kutambua kama magurudumu ya lori yanaanza kuacha ardhi, yaani zimeongeza ishara nyingine ya kulinganishwa.

Mahali pasipo na vifaa hivyo, kazi hiyo hubaki kwa mtu aliyesimama gatini. Yeye ndiye hukagua pembe nne za trela kwa macho, kisha humwashiria mwendeshaji wa kreni kwa mkono kwamba yote yamefunguliwa.